Fomu Iliyojazwa Njiani

Siku waliyoniaga ofisini walinipa saa ya ukutani. Nimeitundika juu ya mlango na inatembea vizuri, ila sijui wanataka niwahi wapi. Sisi wakimbizi hatustaafu kwa karatasi. Unaambiwa tu mama, umefanya kazi, sasa pumzika, karibu keki. Nilikula keki. Dorika, ambaye ndiye aliyebaki na mafaili yangu, akanivuta pembeni akaniomba niandike namna tulivyokuwa tukifanya zamani, maana hawa wapya wamefundishwa simu, hawakufundishwa watu. Basi ninyi wapya, kaeni. Mambo ya vyeo sitayagusa. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na maneno sita, na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kukitamka mpaka mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza watu maisha yao yakoje. Msicheke, ilikuwa kazi. Ofisi yetu ilikuwa na wauguzi waliozunguka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, kuwatembelea nyumbani wagonjwa wasioweza kufika zahanati kwa miguu. Wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa wengi, kwa hiyo kila baada ya miezi minne sisi wa fomu tulipita kwa kila mgonjwa. Tulimwonyesha mchoro wa ngazi yenye vipandio kumi, tukamuuliza juu ya usingizi, nguvu, kutembea, kula, majirani, wasiwasi, na yeye mwenyewe akatuonyesha kwa kidole amesimama kipandio gani. Hukuruhusiwa kumsaidia wala kukisia. Aliyejiweka juu ya saba alihesabiwa amesimama, akatolewa kwenye orodha, na muuguzi akapewa mwingine. Aliyejiweka chini alibaki. Mambo rahisi kabisa, ukiyasikiliza ukiwa umekaa mjini Mbarara, kwenye makao ya ofisi.

Niliingia kazini kwa sababu ya mwandiko. Tulifika Nakivale mwaka 1996 ukiisha, mimi na mume wangu na Riziki mgongoni, kutoka upande wa Uvira, kule Kongo. Miaka ya kwanza nililima mahindi na kuwa mwandishi wa kwaya. Nyimbo zote za kanisa letu zilikuwa kwenye daftari langu, kwa herufi ndogo ili daftari lisiishe. Jumapili moja akaja mtu wa ofisi kutafuta mwanamke anayejua Kifuliiru, lugha ya kwetu, na Kiswahili na anayeweza kuandika maneno mengi kwenye nafasi ndogo. Mchungaji akanyoosha kidole. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mtihani wenyewe ulikuwa daftari la kwaya.

Mafunzo yalifanyika Kamukuzi, kwenye chumba chenye bati, na juu ya bati korongo wakubwa wale wa Mbarara wakitembea kwa viatu vizito. Mwalimu na bosi wetu alikuwa Bwana Tumwesigye, Mnyankole wa Bwizibwera, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata siku ya matope. Kiswahili chake alikiokota ujana wake alipokuwa karani kwenye kambi ya jeshi, akaja nacho hivyo hivyo bila kukisafisha. Mambo aliyonifundisha siku ya kwanza bado ninayashika. Beba kalamu mbili, moja itakufa. Usikalie kiti kama nyumba ina kiti kimoja. Ukipewa maziwa, kunywa kwanza, fomu itangoja, maziwa haingoji. Na la mwisho, ambalo alilisema akinyoosha kidole kama hakimu: "Unaandika mdomo ya mutu. Huandiki huruma yako."

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mzee mfugaji, mkimbizi kama mimi, mtu wa milimani. Nilikunywa maziwa, kikombe cha bati kilichonizidi kichwa, ndipo nikatoa mchoro wa ngazi. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena. Akauliza hii ngazi inaegemea nini. Nikamwambia mzee, ni mchoro tu. Akasema yeye hapandi ngazi isiyoegemea kitu, na mimi mtoto wa watu nisipande pia. Nilirudi Mbarara na fomu tupu. Bwana Tumwesigye hakunigombeza. Alichukua rula akachora ukuta nyuma ya ngazi, akatoa nakala nyingine, na tangu hapo ngazi yetu iliegemea ukuta. Mkikuta ukuta kwenye mchoro wenu wa leo, msidhani ni urembo.

Maswali nayo yalikuwa na ugonjwa wao. Yalitafsiriwa na mtu wa mbali, msomi kwelikweli, ambaye nadhani hakuwahi kumuuliza mtu mwenye jembe mkononi kitu chochote. Lile la tatu lilimuuliza mgonjwa kama anaridhishwa na uwezo wake wa kustahimili shughuli za kila siku. Nilipolisoma mara ya kwanza, bibi mmoja alifumba macho akaitika, "Amina." Alidhani ni andiko. Nikalisoma tena, akaitika tena. Baada ya hapo nikawa nauliza tu kama kazi za nyumbani anaziweza, na Bwana Tumwesigye akajifanya hajui.

Sasa nifike kwenye baiskeli, kwa sababu kosa langu kubwa lilikuja nayo. Ofisi ilinipa baiskeli mpya, nyeusi, yenye keria na kengele inayosikika mpaka ziwani. Jamani, niliringa. Wanawake wa kwetu waliokuwa na baiskeli walihesabika, na mimi nilikuwa mmoja wao, kitambulisho kinaning'inia shingoni, folda ya plastiki kwenye keria. Nikimaliza nyumba, asante mama, Mungu awabariki, mguu kwenye pedali, huyooo. Nyumba sita kwa siku. Wenzangu waliotembea kwa miguu walimaliza tatu.

Na nyumba zangu zote zilikuwa na furaha. Bwana Tumwesigye aliniita mwisho wa raundi, akazipanga fomu zangu mezani, akazifunua moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Mama Riziki, wewe unaleta kumi, tisa, kumi. Hii ni Nakivale ama ni mbinguni? Kama ni mbinguni sema, na mimi nihame huku."

Nikajibu kwa kiburi kidogo kwamba niliandika mdomo ya mutu, kama alivyonifundisha. Akaguna. Lakini fomu zilikuwa safi, mwandiko mzuri, sahihi mahali pake. Zikapita. Orodha ikatoka, na wengi wa watu wangu wakawa wamesimama.

Mmoja wao alikuwa Mama Nabintu. Huyu alikuwa mjane wa shemasi wa kanisa letu, mama wa umri kama wa mama yangu, mrefu, mwenye sauti ya pili kwenye kwaya ambayo bila hiyo nyimbo zetu zilikuwa hazina sakafu. Jembe lilimkata kwenye muundi wa mguu na kidonda kikakataa kufunga. Muuguzi alikuwa akienda kwake mara mbili kwa wiki kukisafisha, na alikuwa ameshatuonya wote kwamba kidonda kile kikiachwa, mguu utakatwa. Mimi ndiye niliyemjazia fomu. Aliniketisha kwenye kiti, yeye akakaa kwenye mkeka, na kila nilichomuuliza akaweka kidole juu kabisa. Usingizi kumi. Nguvu tisa. Kutembea kumi. Niliandika, nikamshukuru, nikapanda baiskeli.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja nikitoka kazini nilipita kwake kumsalimia tu, bila fomu. Nikamkuta, tukacheka, habari zote nzuri, Bwana asifiwe. Nikatoka kushika baiskeli nikakuta gurudumu la nyuma limekaa chini. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole. Basi nikaanza kuisukuma, na Mama Nabintu akachukua fimbo yake akasema atanisindikiza.

Ninyi mliozaliwa hapa mnaona kusindikiza ni adabu tu. Kwetu ni zaidi ya hapo. Ukiulizwa habari ukiwa umekaa uso kwa uso na mgeni, unamshukuru Mungu kwanza, kwa sababu ukianza na ubaya ni kama unamshitaki Mungu mbele ya mgeni, tena unamfukuza mgeni kabla hajamaliza chai. Mabaya yana mahali pake. Mgeni akiinuka, unainuka naye, mnatembea pamoja, wote mnatazama mbele, hakuna anayemwona mwenzake machoni, na hapo ndipo mtu anasema "lakini". Mimi mwenyewe msiba wa mjomba wangu niliambiwa njiani, tulipopita shamba la tatu la mihogo, baada ya saa nzima ya habari nzuri. Nilikuwa nayajua haya yote tangu utoto. Ila nilipovaa kile kitambulisho na kupanda ile baiskeli, nikayasahau, na baiskeli haisindikizwi.

Tulikwenda polepole sana. Nilidhani ananihurumia na gurudumu langu. Tulipofika kwenye uzio wa migomba ya jirani akasimama, akaegemea fimbo.

"Lakini, Mama Riziki, ule muuguzi nilimukosea nini?"

Nikamuuliza muuguzi gani.

"Hakukuja tena. Siku ya mwisho nilimupa chai bila sukari, sukari ilikuwa imeisha. Nilifikiri alisikia mubaya. Umuambie anisamehe."

Alipandisha kitenge kidogo nione. Kidonda kilikuwa kimefunguka na kupanda, amekifunga kwa kipande cha shuka, na nzi walikuwa wameshajua njia. Miezi mitatu yule mama alikaa akijilaumu kwa sababu ya sukari, na aliyemtoa kwenye orodha ni mimi, kwa kalamu yangu na mwandiko wangu mzuri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwambia hajamkosea mtu, kosa ni langu. Akanipapasa mkono akasema hapana, mimi ni mtoto muzuri. Hilo lilinichoma zaidi.

Kesho yake niliziba gurudumu, nikampakia kwenye keria, nikamsukuma mpaka zahanati. Wakamsafisha, wakasema kidonda kinataka kusafishwa mara mbili kwa wiki, nyumbani, kwa miezi, la sivyo ni hospitali na msumeno. Maana yake arudi kwenye orodha. Na orodha mpya ilikuwa inafungwa Ijumaa, na ikishafungwa ni miezi minne mingine. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano nikapanda gari la asubuhi kwenda Mbarara, nikamwambia Bwana Tumwesigye kila kitu, pamoja na sukari. Alisikiliza akizungusha kalamu. Kisha akasema fomu iliyosainiwa haifutwi, na aliyeijaza vibaya haruhusiwi kujaza ya pili peke yake. Lazima fomu mpya, mbele ya msimamizi, na majibu yatoke kwa mgonjwa. Nikamwambia kidonda nimekiona kwa macho yangu. Akasema macho yangu hayana kisanduku kwenye fomu. Nilitaka kukasirika, lakini akawa ameshafungua daftari la magari na kuandika jina lake kwenye Alhamisi.

Alhamisi tukaondoka na pikapu ya ofisi. Baada ya mji wa Isingiro tulisimama kungoja ng'ombe wenye pembe ndefu wavuke, na kwa namna walivyovuka ungedhani barabara ilitengenezwa kwa ajili yao. Bwana Tumwesigye aliteremka akawasifu mmoja mmoja kwa Kinyankole. Mimi nilikaa ndani nikihesabu saa.

Mama Nabintu alikuwa amefagia uwanja na kuvaa kitenge cha Jumapili. Chai ilikuwa tayari, na safari hii ilikuwa na sukari mpaka kijiko kinasimama. Baadaye nilijua aliikopa nyumba mbili. Bwana Tumwesigye akanywa yote, akatoa fomu, akatoa ngazi yenye ukuta wake, akaanza kuuliza taratibu, kwa heshima, akimwita mama kila swali. Na yule mama, Mungu wangu, akaanza kupanda. Usingizi? Tisa. Chakula? Kumi, tunashukuru. Wasiwasi? Hana, Bwana anatosha. Nilikuwa nimekaa nyuma ya bosi nikimkonyeza Mama Nabintu mpaka jicho likauma. Akanitabasamia.

"Na kutembea, mama?"

"Muzuri. Andika kumi."

Bwana Tumwesigye aligeuka akanitazama. Akaandika kumi, akafunga folda, akashukuru, akainuka. Mama Nabintu naye akanyoosha mkono kuchukua fimbo yake ukutani. Na hapo yule bwana, kwa wema wake wote, akamwekea mkono begani.

"Hapana, mama, kaa tu. Usisumbuke na mguu."

Mama Nabintu akakaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletea wageni chakula kikarudishwa. Sisi tukaenda kwenye pikapu iliyokuwa imeegeshwa barabarani, dereva akawasha, na fomu iliyojaa kumi ilikuwa kwenye folda, imesainiwa nusu, imebaki sahihi moja. Nikajua mguu wa yule mama unakwenda na hilo gari.

Sikuwa mtu wa kumjibu bosi. Lakini nilimshika dereva bega nikamwambia zima. Nikamgeukia Bwana Tumwesigye nikamuuliza, kwao Bwizibwera, akienda kumsalimia mama yake, mama anamwambia nini. Akasema yeye anasalimia agandi, yaani habari, na mama anajibu ni marungi, habari ni njema. Siku zote? Siku zote. Hata alipokuwa mgonjwa mwaka jana? Hata wakati huo. Nikamuuliza ugonjwa ule aliujua wapi.

"Kwa njia," akasema. "Alinisindikiza mpaka kwa mahali wanapimia maziwa."

"Na kama ungemwambia kaa tu, mama, usisumbuke?"

Aliiweka folda kwapani. Kisha akafungua mlango, akarudi uwanjani kwa hatua kubwa, mimi nyuma yake karibu nikikimbia. Mama Nabintu alikuwa bado amekaa pale pale.

"Mama," akamwambia, "sisi tunaenda. Utatuacha tuende peke yetu namna hii?"

Mngemwona. Alichukua fimbo akainuka, na nadhani uchungu ulimpanda mpaka kichwani, lakini uso uling'aa. Tukatembea. Tuliifikia pikapu na kuipita, dereva akitutazama kama tumechanganyikiwa. Bwana Tumwesigye alikuwa upande mmoja, mimi upande wa pili, Mama Nabintu katikati, na wote watatu tunatazama mbele. Alisifu migomba ya jirani. Bwana Tumwesigye akaisifu pia. Akasema mvua imechelewa. Bwana Tumwesigye akakubali kwamba imechelewa. Tulisimama mara mbili ili apumue. Nilikuwa naomba kimya kimya, Bwana mufungue kinywa, na nilimwombea pia bosi wangu asiharakishe, na hakuharakisha. Tulipofika kwenye kichuguu, pale njia inapogawanyika, Mama Nabintu akasimama.

"Lakini, baba," akasema.

Tukangoja.

"Asubuhi nikitoka kitandani, natambaa. Maji jirani ndiye ananiletea. Kanisani nilikuwa naimba nikisimama, sasa naimba nikikaa, na sauti haitoki vizuri mutu akikaa. Niko naogopa watanikata mguu. Sikutaka kusema, juu ya vile mulitoka mbali."

Bwana Tumwesigye hakutoa fomu. Alimwacha ajiweke sawa kwenye fimbo kwanza. Halafu akamuuliza kwa sauti ya chini, bado akitazama mbele, kwenye ile ngazi basi, yuko wapi.

Mama Nabintu alifikiri. "Kwa mambo ya Mungu niko kumi," akasema. "Kwa mambo ya mguu niko mbili."

"Nitaandika zote," akasema bosi wangu, na akaandika zote, folda imeegemea mgongo wangu, kwa hiyo naweza kusema nilizisikia namba zile zikiandikwa. Halafu tukamsindikiza yeye kurudi kwake, kwa sababu peke yake asingefika, na huko nyumbani tukapewa chai ya pili. Tulifika Mbarara tumechelewa na tumejaa sukari. Ijumaa jina lake lilikuwa kwenye orodha. Wiki iliyofuata muuguzi alikwenda, na jambo la kwanza aliloambiwa mlangoni ni kwamba sukari ipo.

Kidonda kilichukua karibu mwaka kufunga, lakini kilifunga. Raundi zote zilizofuata Mama Nabintu aliendelea kujiweka kumi akiwa kwenye mkeka, na zote zilizofuata tulimngoja kichuguuni. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee, na alizikwa na miguu yake yote miwili.

Bwana Tumwesigye aliandika agizo la mstari mmoja, likabandikwa mlangoni Kamukuzi: Mgonjwa akusindikize, baiskeli isukumwe, isipandwe, mpaka yeye aseme kwaheri. Chini ya kila fomu tulipiga mstari kwa mkono tukaandika "Njiani". Kuhusu kusindikizwa na walioshindwa kabisa kuinuka, tulikubaliana kwamba mgeni anainuka, anasimama mlangoni akitazama nje, na kungoja. Ilifaa. Mtu hahitaji barabara ndefu, anahitaji usimtazame.

Basi alama zikaanguka. Nakivale nzima ikateremka ngazi kwa raundi moja. Wakubwa wa mbali waliopokea namba zetu waliogopa, wakatuma mgeni kwa ndege kuuliza ni baa gani limetushukia, njaa au tauni. Bwana Tumwesigye alimpokea, suruali imepigwa pasi, akamweleza kwamba hakuna baa, ila wafanyakazi wameanza kutembea. Mgeni aliandika jambo fulani kwenye daftari lake. Nadhani bado wanalijadili.

Bwana Tumwesigye alirudi Bwizibwera kwa ng'ombe wake. Baiskeli yangu ilikufa, nikapewa nyingine, nayo ikafa. Mume wangu akatangulia mbele za haki. Halafu zikaja hizi simu zenu za kuteleza kidole, ambazo zinajumlisha zenyewe na hazina ule mstari wa chini. Nilisema mkutanoni. Nikaambiwa mfumo haukubali. Nikawaambia sawa, mfumo usikubali, ninyi tembeeni.

Wiki iliyopita Dorika alikuja kuijaribu fomu mpya kwangu, ati mimi mkongwe nimwambie kama maswali yanaeleweka. Nikajibu kwa uaminifu wote. Usingizi tisa. Chakula tisa. Majirani kumi. Maisha kwa jumla, weka nane, nisionekane naringa. Akabonyeza, simu ikalia kidogo kwa furaha, akaiweka mfukoni, akainuka. Nikanyoosha mkono kuchukua fimbo, maana goti langu la kulia siku hizi lina maneno yake.

"Mama Riziki, kaa tu," akasema, "usisumbuke."

Nilimtazama tu. Akashika mdomo. Kisha akakaa tena, akaningoja nivae viatu.

Tulipita migomba, tukapita kwa fundi cherehani. Nilimsifu kwa nywele zake. Tulipofika njia panda nikasikia nasema lakini, na mimi mwenyewe nikashangaa. Nikamwambia Riziki wangu alihamishiwa nchi ya mbali na mpango wa wakimbizi, pamoja na familia yake, huu ni mwaka wa pili. Kila Jumapili ananipigia. Ananiuliza habari, namwambia muzuri, namuuliza habari, ananiambia muzuri, na dakika zinaisha. Hatujawahi kufika njiani, mimi na mtoto wangu. Nyumba ni kimya mpaka ile saa ya ukutani naisikia nikiwa uwanjani. Na sijui yeye huko analia au analala.

Dorika hakutoa simu mfukoni. Alisimama pale akitazama mbele, kama nilivyomfundisha, kisha akauliza sasa abadilishe ile nane aweke ngapi. Nikamwambia aiache. Nikamwambia anisindikize kurudi, goti limechoka.

Kesho ni Jumapili. Riziki akipiga sitapokea nikiwa nimekaa. Nitavaa viatu kwanza, nitoke na simu sikioni, na nitamwambia na yeye huko avae vyake.